Waya Uliokuwa Nyuma ya Mto wa Binti Yangu

Saa saba usiku, mashua ikiwa imetia nanga kwenye kivuli cha kisiwa cha Ndere, binti yangu alinivuta kidole cha mguu.

"Baba, kuna kitu kinanuka samaki."

Tulikuwa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Hapa hakuna anayeamka kwa sababu ya harufu ya samaki. Usiku huo haukuwa na mwezi, na upande wa kusini taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimetapakaa juu ya maji kama mji uliohamia ziwani. Nikamwambia ni omena, arudi alale.

Akarudi akalala.

Mimi usingizi ulikataa. Nililala chali nikisikiliza kamba ikigonga mlingoti, na baada ya muda nikahisi upepo shavuni kupitia kidirisha. Ulikuwa ule upepo wa nchi kavu, unaoshuka usiku kutoka upande wa Seme kwenda ziwani. Ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwa wavuvi. Hata wangekuwa wamevua tani kumi, harufu yao isingetufikia.

Nikaenda mbele kwa magoti, nikaweka kiganja juu ya ukuta wa mbao, shubiri moja kutoka kwenye mto wake.

Ubao ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoteremshwa jikoni sasa hivi.

Nilizima swichi kuu, nikamhamishia mtoto nyuma, nikakaa na tochi, ndoo ya maji na mtungi mdogo wa kuzimia moto mpaka kukapambazuka. Plastiki za vifaa vya stima zikipata joto kupita kiasi, nyingi hutoa harufu ya samaki kabla hazijatoa moshi. Mafundi wanaijua harufu hiyo. Mimi nilikuwa siijui, na hata ningeijua, sina hakika ningeitofautisha katika ziwa hili.

Imepita miezi kadhaa sasa. Mara nyingi usiku nimejisikia nikisema tena: ni omena, rudi ulale.

Mbao kwanza

Mashua yenyewe ni ya futi 23, ya faiba, iliundwa Uingereza miaka ya 1970. Mkuku wake, ule uti wa chini, unainuliwa kwa kamba, jambo linalofaa sana ghuba yenye kina kifupi kama hii yetu. Nilipoipata ilikuwa imekaa nchi kavu miaka mingi, na ndani kulikuwa kumeoza. Dari yake ilikuwa plastiki laini iliyobandikwa sponji nyuma, na sponji hiyo ilikuwa imegeuka unga mweusi. Ukiigusa inakumwagikia kichwani na kuingia mpaka kwenye kope.

Nilikwangua miezi miwili. Halafu nikapata mbao ufukweni Dunga, hapa Kisumu, kutoka kwa mashua ya uvuvi iliyokuwa ikivunjwa. Mvule mtupu, mzee, umekunywa maji ya ziwa mpaka umekuwa mgumu kama mfupa. Nilizipasua kuwa vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili na unene wa milimita 10, nikazipiga msasa, nikazipaka mafuta, na tundu za misumari ya zamani nikaziacha zionekane, maana ni sehemu ya maisha yake. Kisha nikazibandika ukutani moja baada ya nyingine kwa gundi ya epoksi.

Kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka. Mtu akiingia ndani hugusa ukuta kwanza kabla hajakaa.

Stima niliipitisha nyuma ya mbao hizo alasiri ya Jumamosi moja.

Nalisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima wa kupima, kupiga msasa na kupaka mafuta, na saa nne za kusokota nyaya na kuzizungushia tepu. Nilikuwa na haraka ya kubandika ubao wa mwisho. Na ndani ya kichwa changu kulikuwa na wazo ambalo nimelikuta kwa watu wengi wenye mashua, magari na nyumba za sola: volti 12 haimrushi mtu, basi haina madhara.

Volti 12 kweli haikurushi. Lakini hesabu yake ni ngumu kuliko ya nyumbani. Taa ya wati 60 kwenye stima ya volti 240 inavuta ampea robo. Wati hizo hizo kwenye volti 12 zinavuta ampea 5. Mkondo mara 20. Na joto linalozaliwa ndani ya waya halifuati mkondo tu, linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe.

Dalili zilikuwepo. Kwa miezi taa za mbele zilikuwa zikififia kila nikiwasha sanduku la kupozea vinywaji. Nikazoea. Nilidhani ndivyo mashua kuukuu zilivyo.

Wiki tano za kulizunguka jambo

Tuliporudi Kisumu nilichomoa fyuzi ya mbele, nikaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Kwa muda huo hakukuwa na hatari tena. Lakini sikuishika patasi.

Kulikuwa na njia rahisi: kuukata waya ule ncha zote mbili, kuuacha umekufa nyuma ya mbao, na kupitisha mwingine mpya juu ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki, kama wanavyofanya maofisini. Mke wangu aliona hiyo inatosha. Waya uliokufa haumuunguzi mtu, akasema, na mimi nilikubaliana naye kwa sababu nilitaka kukubaliana naye. Nilienda hata kununua mfereji wenyewe. Ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chetu wiki tatu.

Usiku mmoja nikachukua karatasi nichore kila waya unapopita. Waya wa taa za mbele. Waya wa taa za safari, nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia. Waya wa mlingotini. Zote tatu zilipita nyuma ya ukuta uleule. Kisha nikaanza kutia alama mahali nilipounga.

Kimoja karibu na kidirisha. Kimoja chini ya kitanda. Kimoja pale palipoungua.

Nikasimama hapo. Vilikuwa vitatu au vinne? Nilifumba macho nikajaribu kuirudia ile Jumamosi. Nilikumbuka redio iliyokuwa ikicheza na mvua iliyotukimbiza saa kumi, lakini idadi ya viungo sikuipata.

Yaani nilikuwa nimejenga kitu kwa mikono yangu, na sikujua kilicho ndani yake.

Kibuye

Kuna mzee anayefunga nyaya za malori na matatu huko Kibuye, karibu na mafundi wa mabati. Nilimwendea Jumatatu, siku ambayo soko limetulia kidogo baada ya vurugu za Jumapili. Alikuwa amekaa juu ya gurudumu, dashibodi ya lori imefunguliwa mbele yake, matumbo ya rangi zote yanamning'inia magotini.

Nilimweleza yote. Hakuacha kazi, lakini alisikiliza.

"Kiungo chenyewe kiko wapi?"

"Nyuma ya ubao, Jaduong'."

"Na ubao unafunguliwaje?"

"Haufunguki. Niliubandika kwa gundi."

Akamaliza kukaza skrubu aliyokuwa nayo. "Basi huo waya hukuufunga, omera. Uliuzika."

Nilimuuliza kuhusu fyuzi, maana hilo lilikuwa limenichanganya. Mbona fyuzi haikukatika? Akataka kujua ni ya ngapi. Nikamwambia ni ile ya kijani, ya ampea 30, niliikuta humo. Akatikisa kichwa. Kwa waya mwembamba kama ule, 30 ni sawa na kutokuwa na fyuzi kabisa. Lakini akaongeza jambo ambalo lilinifumbua macho, na naliandika hapa kwa ajili ya yeyote anayelala kwa amani kwa sababu ana fyuzi.

"Hata ungeweka ya 10, usiku ule isingekatika. Fyuzi inahesabu mkondo. Kiungo kilicholegea hakiongezi mkondo, kinaupunguza. Fyuzi haina habari kwamba kuna mahali panaungua."

Nilipiga hesabu nilipofika nyumbani. Sanduku la kupozea, taa mbili za kizamani za wati 10, feni na chaja ya simu: karibu ampea 8. Tuseme kiungo kimelegea na kuota kutu ya kijani mpaka kikawa na ukinzani wa omu 0.2 tu, kitu kidogo sana. Nane mara nane mara 0.2 ni karibu wati 13. Wati 13 mahali padogo kama punje ya karanga, pasipo na upepo, nyuma ya ubao mkavu uliopakwa mafuta.

Fyuzi inaulinda waya usibebe mzigo usiouweza. Kiungo kinalindwa na aliyekifunga, na na mkono unaoweza kukifikia kukigusa. Basi.

Viungo vitano

Nilibomoa Jumapili. Epoksi haina huruma. Ubao ulipasuka kabla gundi haijaachia. Niliuvunja mvule ule kipande kwa kipande, na sitaficha kwamba niliumia. Kila kipande nilikijua.

Nilipata viungo vitano.

Kile kilichoungua kilikuwa cha tatu. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama asali nyeusi, na ndani yake shaba ilikuwa nyekundu iliyofifia katikati na kijani pembeni. Nyuzi nyembamba za waya zilikuwa zimekatika karibu zote. Mkondo mzima ulikuwa ukipita kwenye nyuzi sita au saba. Faiba ya ubavuni ilikuwa na duara jeusi la ukubwa wa kisahani cha kikombe. Nikageuza ubao uliokuwa juu yake. Mgongo wake ulikuwa makaa. Nilikwangua kwa ukucha, kisha kwa kisu, nikapima: milimita mbili zilikuwa zimeungua.

Zilibaki nane, halafu mto.

Watu wengi huniambia ziwa halina chumvi, kwa hiyo nyaya haziliwi. Chumvi hakuna, kweli. Lakini ndani ya mashua iliyofungwa, jua la mchana hugeuza maji ya chini kuwa mvuke, na usiku mvuke huo unagandia kila kitu kilicho baridi. Shaba tupu haihitaji bahari ili iwe kijani.

Kiungo cha tano ndicho kilichoninyamazisha. Hakikuwa changu. Kilifungwa kwa tepu ya kitambaa, ya kizamani, na waya wa rangi ambayo sijawahi kununua. Ni cha mwenye mashua wa zamani, au wa kabla yake. Waya wangu ulikuwa umeungwa kwenye ncha yake.

Maana yake siku ile nilikiona. Lazima nilikiona, kwa sababu nimeunga pale pale. Nikakiacha, nikaweka ubao juu.

Kusuka upya

Waya wa kufaa nilipata ulipokuwa siku zote. Vitabu vya mashua husema utumie waya wa nyuzi nyingi nyembamba uliopakwa bati, na kwa muda mrefu niliamini hadi uagize ng'ambo. Kumbe waya wa paneli za sola, ule wa milimita mraba 4 unaouzwa kwa mita katika maduka ya sola mjini, ndani ni hivyo hivyo: nyuzi nyingi, bati juu, na maganda mawili ya plastiki. Niliukata kipande nikaukwangua dukani pale pale mbele ya muuzaji. Ulikuwa mweupe kama fedha mpaka ndani.

Unene una maana kuliko nilivyodhani. Kutoka betri hadi mbele ni mita 6, na mkondo lazima urudi, kwa hiyo ni 12. Waya wangu wa kwanza wa milimita mraba 1.5, ukibeba ampea 8, ulikuwa unakula zaidi ya volti moja njiani hata viungo vikiwa vizima. Huu wa 4 unakula 0.4. Na sanduku la kupozea nimelihamishia nyuma, hatua moja kutoka kwenye betri, ili mbele zibaki taa na feni peke yake.

Nilibana kila ncha kwa koleo lile lenye meno, ambalo haliachii mpaka ubanaji ukamilike, kisha nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Mbili zilichomoka, nikazikata nikaanza upya. Nilijiuliza kama nitie risasi ya kulehemu pia. Waunda mashua hawapendi risasi iachiwe kazi ya kushika peke yake, kwa kuwa waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa mawimbi unaukatia hapo hapo. Nikaacha. Kati ya betri na mbele sasa hakuna kiungo hata kimoja. Waya mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho.

Fyuzi kuu iko chini ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Kanuni za mashua za Marekani kwa kawaida zinataka isizidi inchi 7, na ukifikiri utaona kwa nini: kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote, na ncha mbili za betri zikigusana, inatoa mamia ya ampea bila kuuliza. Taa na feni za mbele zina fyuzi yao, ya ampea 5. Za kijani hazimo tena ndani ya mashua yangu.

Pampu ya kutoa maji ni habari ya peke yake. Bibi yangu, aliyezaliwa Lamu na kuzeekea hapa Kaloleni, alikuwa akisema *tezi na omo, marejeo ni ngamani*: maji yaingilie nyuma au mbele, mwisho wake ni kule chini tumboni mwa chombo. Pampu inakaa ngamani, na inatakiwa ifanye kazi hata nikiwa nyumbani nimelala na swichi kuu imezimwa. Kwa hiyo waya wake unatoka betrini moja kwa moja, na fyuzi yake mwenyewe.

Siku niliyomaliza niliweka mita kwenye betri: 12.6. Nikatambaa hadi mbele, taa na feni vikiwa vimewashwa, nikapima tena: 12.5. Nilipima mara tatu.

Taa zenyewe ni za LED, za manjano hafifu. Wanaoishi hapa wanajua wale wadudu wadogo wa ziwa wanaokuja kama wingu la moshi. Taa nyeupe huwaita mpaka unakohoa. Za manjano huwaita kidogo.

Stima ya nchi kavu

Nilikuwa na mpango wa kuvuta waya wa volti 240 kutoka gatini ili nichajie nikiwa nimefunga mashua. Nimeufuta, na hapa sina mashaka yoyote. Katika maji ya bahari, stima inayovuja hupita kwenye maji yenyewe, kwa sababu chumvi inaipitisha vizuri kuliko mwili wa mtu. Katika maji baridi kama yetu ni kinyume: mwili ndio njia nzuri zaidi. Aliye majini karibu na chombo kinachovuja stima anaweza kukakamaa misuli na kuzama bila mtu yeyote kuona cheche. Na watoto wetu wanaogelea hapo hapo gatini.

Nina paneli ya wati 100 juu ya paa, imelala tambarare. Ikweta inapita Maseno, karibu na hapa. Hatuhitaji kuiinamisha popote. Inatutosha.

Kuta zinazofunguka

Mbao za Dunga zilizobaki hazikutosha ukuta mzima. Zilizopasuka niliziunganisha nilivyoweza, na palipopungua nimetia plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe. Ukuta wa leo si mzuri kama wa kwanza. Una mistari, una vichwa vya skrubu, na umegawanyika vidirisha vinne vinavyoshikiliwa na vibao vidogo vya kuzungusha kwa kidole. Mgeni mmoja aliuliza kama bado sijamaliza.

Nyuma ya kila kidirisha nyaya zimefungwa kwa utaratibu, na kila moja ina kipande cha karatasi chini ya plastiki angavu. Maandishi ni ya binti yangu, kwa sababu yangu hayasomeki. Yeye ndiye pia aliyechora ramani iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la betri.

Tulirudi Ndere mwezi uliopita, usiku mwingine usio na mwezi. Sikumwambia afanye lolote. Kabla ya kulala alizungusha vile vibao, akatoa kidirisha cha karibu na mto wake, akaweka kiganja juu ya waya, akakaa hivyo kwa muda.

"Baridi," akasema, akakirudisha.

Umebaki waya wa mlingotini. Ni ule ule wa tangu mashua iundwe, unapita ndani ya bomba la mlingoti, na hauonekani mpaka mlingoti uteremshwe, kazi inayohitaji watu sita na siku isiyo na upepo. Hadi siku hiyo fyuzi yake iko kwenye mkebe wa chai, na tukitia nanga usiku tunapandisha kandili ya sola kwa kamba.

Nahitaji watu wanne zaidi. Ukiwa Kisumu na una mikono, niandikie.